Wiki ya Dubu na Pazia la Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kikao cha walimu asubuhi. Balaa! Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba darasa la madirisha matatu linagombewa. Sisi walimu wa chekechea tuandae wiki yenye mada moja, Ijumaa wazazi waje kutazama, na atakayewafurahisha zaidi atapewa darasa hilo muhula ujao. Mimi nimo darasani humo mwaka wa sita sasa!

Walimu wa chekechea tuko wawili tu. Mimi, na Bi Pambo, ambaye hata penseli zake zina riboni.

Mapazia ya darasa hilo aliyashona marehemu mke wangu. Alipima madirisha mwenyewe, mimi nikishika ngazi. Mawili aliyamaliza. La tatu, pindo lake bado limeshikizwa kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya muda tu, maana alisema atalipitisha kwenye cherehani akipata nafuu. Hakupata. Darasa la pili lina kijidirisha kimoja cha ukubwa wa sinia. Nikihamishiwa huko, mapazia hayana pa kwenda.

Ningeweza kusema hivyo kikaoni. Sentensi moja tu. Badala yake nikasema wazo zuri sana, Mwalimu Mkuu, na makofi nikapiga. Mke wangu alizoea kusema kwamba mimi nikitaka chumvi iliyo mbele yangu, sharti kwanza niizunguke nyumba mara tatu.

Bi Pambo alitaja mada yake papo hapo: vipepeo. Wote wakasema aaah! Nikageukiwa mimi. Kichwani hamna kitu. Mbele yangu, juu ya kabati, palikuwa na kopo la rangi lenye picha ya dubu. Nikasema dubu.

Sijawahi kumwona dubu. Hakuna aliyewahi, shule nzima. Mlinzi ameniuliza kama anafugika.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimechora dubu ubaoni. Saa nzima! Watoto kumi na tisa wakamtazama kimya. Kisha yule binti tunayemwita Kwanini, umri miaka mitano, akatoa hukumu: huyo ni mbwa aliyekula sana. Nikamweleza kuwa ni dubu. Akauliza kwa nini. Nikasema ndivyo alivyozaliwa. Akauliza mama yake naye alikula sana?

Mbinu ya pili: nyayo. Nilikoroga rangi ya kahawia kwenye beseni, kila mtoto achovye miguu, aache nyayo za dubu juu ya karatasi kutoka mlangoni hadi dirishani. Maarifa, sanaa na hesabu kwa mpigo mmoja! Karatasi zikaisha. Watoto hawakuisha. Nyayo zimetoka mlangoni, zimepita ukumbini, zimepanda ngazi mbili, zimeingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na kuzunguka kiti chake. Mbili ziko kitini.

Nikiwa nimepiga magoti nikisugua sakafu, vipepeo ishirini wa Bi Pambo wakapita kwa mstari, mabawa yamenyooka, hakuna hata mmoja aliyekanyaga povu. Bi Pambo akasema pole kaka, kazi hiyo. Pole! Kwa sauti laini kabisa. Huyu mama ni hatari.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Upelelezi. Nimeingia darasani kwa Bi Pambo kwa kisingizio cha kuazima gundi. Nilikusudia kuhesabu mabawa na kuona ameficha nini nyuma ya mlango. Akanipa gundi. Akanipa chai pia. Akaniuliza kama nalala vizuri, kama nala, kama nyumba si kimya mno siku hizi. Nikajibu kila swali kwa ukweli, na nilipotoka nikakumbuka sikuhesabu chochote. Mbinu kali! Nimeipenda chai yake, lakini siirudii.

Jioni nimeshona vazi la dubu, kichwa, mikono na mwili, kwa zulia la bafuni. Ni la kahawia, lina manyoya, na upande wa chini lina mpira wa kuzuia kuteleza. Cherehani ya mke wangu haijui mkono wangu. Ilivunja sindano tatu. Ndani ya mtoto wa meza nikakuta kifungo cha shati langu la harusi, kile alichosema atanishonea kesho. Nimekitia mfukoni.

Dada yangu, ninayekaa naye, akaniambia nivae anione. Akazunguka mara mbili. Akasema kaka, dubu simjui, lakini kama ndiye huyu basi anaumwa. Akauliza sasa yeye atakanyaga nini akitoka kuoga.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa nawaeleza watoto kwamba kule kwenye baridi kali dubu huingia pangoni na kulala miezi mizima, hali, hanywi, hasumbui mtu. Nikawaingiza chini ya meza nne zilizofunikwa blanketi, kando ya pazia la tatu, tujaribu kulala kama dubu. Wakalala. Kimya! Watoto kumi na tisa, na niliweza kusikia saa ya ukutani! Nilikuwa sijui kama ina sauti.

Mpango wa kesho basi. Wazazi wanaingia. Wanatarajia kelele. Wanakuta pango, utulivu mtakatifu. Mwalimu Mkuu anashika kifua. Kisha dubu mkubwa, yaani mimi, ninainuka polepole, ninapiga kengele na kutamka: Kumekucha msituni! Watoto wanaamka wakinguruma kwa adabu. Vipepeo wataweza hilo?

Nimeweka sheria kali: dubu haamki mpaka dubu mkubwa aseme. Si kwa kuitwa, si kwa kuvutwa, si kwa biskuti. Kwanini akauliza je, dubu mkubwa akisahau? Nikamwambia dubu mkubwa hasahau kamwe. Tumeapa wote, mkono juu ya pua.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Naandika haraka kabla aibu haijapoa.

Wazazi walianza kwa Bi Pambo. Kila kipepeo akajitambulisha, jina, rangi na ua analolipenda. Vipepeo ishirini! Sisi tumo pangoni tunasubiri. Ndani ya zulia mna joto. Watoto wanapumua taratibu. Nikafumba macho ili niufikirie mpango vizuri.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mlinzi getini, maana alikuwa akichungulia dirishani.

Wazazi waliingia. Pango, kimya, wakapendezwa. Wakasubiri. Wakaendelea kusubiri. Mama mmoja akainama akamwita mwanawe. Mtoto, macho kayafumba, akamjibu kwamba yeye ni dubu, mama arudi wakati wa joto. Baba mmoja akamshika wake mguu amtoe. Akangurumiwa. Mwingine akatoa biskuti mfukoni, na kumi na tisa wote wakaguna kwa uchungu, lakini hakuna aliyefungua jicho. Watoto hawa wana msimamo! Mwalimu Mkuu mwenyewe akaiokota kengele akaipiga. Hapo Kwanini akasema, bila kuinua kichwa, kwamba hiyo si halali, aliyeapishwa ni dubu mkubwa. Wakauliza dubu mkubwa yuko wapi. Kwanini akawaambia wasikilize. Wakasikiliza. Nilikuwa nakoroma.

Niliamshwa na vicheko. Kichwa cha dubu kilikuwa kimegeuka, matundu ya macho yamehamia kisogoni. Giza. Nikainuka na meza mgongoni, nikatafuta pa kushika, nikashika pazia. La tatu! Fimbo ikang'oka ukutani na skrubu zake na kipande cha plasta, vyote vikanishukia. Nikapiga kelele. Si maneno tuliyopanga, lakini watoto walihesabu kuwa kumekucha, wakatoka pangoni wakinguruma, wakawarukia wazazi, wakala biskuti zote, na za Mwalimu Mkuu pia.

Mimi nilibaki sakafuni na pazia magotini, nikipapasa pindo kwa vidole vya zulia. Uzi haukukatika. Ukuta umebomoka, lakini mishono ile ya muda imeshika, isipokuwa miwili pembeni imelegea. Uzuri wa kichwa cha dubu ni kwamba kwa nje hakijulikani kina hali gani ndani.

Kwanini akaja akakaa karibu. Akauliza kwa nini dubu anapumua hivyo. Nikamwambia baridi. Akanifunika pazia mabegani.

Niliondoka bila kuaga. Darasa limekwenda, hilo ni wazi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Hodi asubuhi. Mwalimu Mkuu na Bi Pambo, pamoja! Wameleta pazia limekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Nilidhani ni hukumu. Dada akawakaribisha viti, mimi nikabaki nimesimama kama mshtakiwa.

Mwalimu Mkuu akaanza kuzunguka. Akasifu dari. Bi Pambo ndiye aliyesema. Kumbe walinichungulia mara nyingi baada ya watoto kuondoka, nimesimama peke yangu nimeshika pazia lile. Wakaona darasa linaniumiza. Wakaona nihamishwe, ila kwa njia ambayo haitanivunja moyo, ndipo wakabuni mashindano. Bi Pambo hata darasa lenyewe halitaki. Amesema jua la madirisha yale linampaushia karatasi zake zote.

Yaani niligombea wiki nzima na mtu aliyekuwa anashindana kwa ajili yangu!

Nikawaambia basi. Mapazia, vipimo, ngazi, nafuu ambayo haikuja. Nikasema haliniumizi, ndipo ninapomsalimia. Sentensi zilikuwa nne, si moja, lakini zilitoka. Mwalimu Mkuu akajipiga paja. Akasema baba wee, si ungesema tu Jumatatu tukaokoa zulia la watu? Dada akasema hapo umenena. Darasa ni langu. Fundi anakuja Jumatatu kurudisha fimbo.

Bi Pambo alikuwa anapangusa macho kwa riboni.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimetafakari. Nimejifunza jambo kubwa: mtu ukiwa na neno, liseme. Usizunguke. Nimeliandika hapa kwa herufi safi ili nisilisahau. Nimekishona na kile kifungo, kimekaa upande, lakini kimekaa.

Kuna kajambo kadogo kamoja tu. Bi Pambo jana akiaga alinishika mkono, akaahidi kuja darasani kesho Jumatatu na cherehani yake ndogo alimalize lile pindo. Amekwishanunua uzi wa rangi ileile ya pazia. Mimi sitaki limalizwe. Nataka mishono ile myeupe ibaki ilivyo, hata hiyo miwili iliyolegea. Ningeweza kumwambia. Sentensi moja. Lakini mtu mwema vile, na uzi amekwishanunua! Haiwezekani.

Basi nimefikiri, na suluhisho lipo, na ni rahisi mno. Kesho naanzisha wiki ya buibui. Nitawaambia watoto uzi ule mweupe ni utando wa buibui mkubwa, haruhusiwi mtu kuugusa, awe mwalimu awe mzazi, mpaka buibui mkubwa mwenyewe aseme. Tutaapa. Watoto wale nimeshawaona, hawavunji kiapo. Bi Pambo hatafika hata mlangoni!

Buibui mkubwa ni mimi.

Dada ameniuliza naandika nini na kucheka peke yangu. Nikamwambia hakuna, naandika tu, ila je, zile soksi zake ndefu nyeusi ziko ngapi? Nahitaji nane.