Yah: Maktaba Kunipotezea Adui Wangu wa Kisayansi

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Chuo Kikuu.

Ndugu Mkutubi Mkuu, na shemeji,

Nimetanguliza cheo chako kwa sababu jambo lenyewe ni la kikazi. Ushemeji nimeuweka wa pili, na ukimaliza kusoma utaona nimekufanyia hisani kuuweka hata hapo. Nyumbani hatujambo. Dada yako anakusalimu, ila amekataa kutia sahihi barua hii kama shahidi, anasema yeye ana kazi za kufanya.

Kama ujuavyo, mimi ni mhadhiri wa wadudu waharibifu. Kwa miaka mingi nimethibitisha kwamba maji ya majani ya mwarobaini hufukuza mchwa kwenye mbao. Kwa miaka hiyohiyo, mhadhiri mmoja wa Kitivo cha Ujenzi, ambaye sitamtaja zaidi ya jina walilompa wanafunzi, yaani Bwana Majivu, amekuwa akithibitisha kwamba mwarobaini haufukuzi hata nzi, na kwamba dawa ya mchwa ni majivu. Amenipinga majaridani, nami nimempinga. Aliwahi kusimama katikati ya mada yangu kwenye kongamano akaniuliza kama mbao zangu nilizinunua au niliziota. Nikamjibu mbele za watu kwamba majivu yake yangefaa zaidi kusugulia sufuria. Hayo, shemeji, yalikuwa maisha mazuri, na ninyi mmeyavuruga. Nitaeleza kwa namba ili usipotee njiani.

1. Mlinighilibu. Mlimtuma kwangu dada wa Meza ya Utafiti Wazi, yule mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Akanieleza kwamba data zikiwekwa kwenye hazina ya maktaba mtandaoni, kila mtafiti ataweza kuzisoma, kuzihakiki na kuzitumia, na kila zikitumika jina langu litatajwa. Mimi data zangu nilikuwa nazo kwenye flashi niliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na nakala kabatini chini ya kufuli mbili, kama inavyompasa mwanasayansi. Nikakataa. Akaniambia kwa upole, "Sawa, Mwalimu, ila Bwana Majivu ameshaleta za kwake." Hiyo si haki. Ungeniambia nyumba yangu inaungua nisingekimbia kama nilivyokimbilia maktaba siku ile. Baadaye nimepata habari kwamba kule Ujenzi naye aliambiwa hivyohivyo kuhusu mimi.

2. Nilidhani nitakabidhi mafaili niende zangu. Kumbe kuna ukurasa wa maelezo. Yule dada akaniuliza safu ya nne ina maana gani. Nikamwambia inajulikana. Akauliza, inajulikana na nani? Ilikuwa imeandikwa "hii", na inayofuata "hii nyingine", na hakuna mtu aliyewahi kulalamika, maana hakuna mtu aliyewahi kuziona. Tukakaa siku kadhaa tukizipa safu majina kama watoto wachanga. Nilipoanza kukusanya vitu vyangu akanionyesha kwa kidole pengo moja lililobaki: mahali pa majaribio. Shemeji, mahali pa majaribio yangu hata dada yako hapajui. Majaridani huwa naandika "katika mazingira yaliyodhibitiwa", na inatosha. Akasema mfumo haupokei bila mahali kamili. Nikajaza kwa hasira: stoo ya nyuma, Idara ya Wadudu, kwenye ukuta wa mbao wa kaskazini.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Yuko binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili, ambaye wenzake humwita Kikokotoo. Mlimfundisha wenyewe, kwenye warsha zenu, namna ya kupakua data za watu na kuzilinganisha. Akachukua zangu na za Bwana Majivu, na kwa kuwa hana adabu, akasoma mpaka lile pengo la mahali pa majaribio. Bwana Majivu alikuwa amejaza: stoo ya nyuma, Kitivo cha Ujenzi, kwenye ukuta wa mbao wa kusini.

Ni ukuta mmoja. Majengo yetu yamepeana mgongo, milango yake inatazama barabara mbili tofauti, na kutoka kwangu kwenda kwake sharti uzunguke uwanja wote wa michezo. Sikuwahi kuzunguka, kwa sababu za kiheshima, na yeye nadhani alikuwa na heshima ileile. Kikokotoo akaziweka data zetu kwenye mchoro mmoja. Kila niliponyunyiza mwarobaini, mchwa wangu walipungua na wa Bwana Majivu wakaongezeka. Kila alipomwaga majivu, wa kwake walipungua na wangu wakarejea. Kwa ufupi, mchwa ni walewale. Miaka yote hiyo tulikuwa tunasukumiana wageni kupitia ubao, na kila mmoja anatangaza ushindi upande wake.

Lingebaki stoo, lingekuwa dogo. Lakini Kikokotoo ameliandikia makala, na kwa msaada wa ofisi yako makala hiyo ni ya wazi, haina malipo wala nywila, anaisoma yeyote mwenye simu. Fundi seremala wa chuo ameisoma. Amebandika ule mchoro kwenye mlango wa karakana, na kila nikipita ananiuliza kama mchwa wamevuka salama.

4. Wasomaji. Kabla ya hazina yenu sikuwa nao, na nilikuwa naheshimika. Sasa mama mmoja mwenye ghala la mbao, nisiyemjua wala hanijui, ameniandikia kunishukuru. Anasema amesoma data zetu zote mbili, akaamua kuweka mwarobaini upande mmoja wa ukuta na majivu upande wa pili kwa wakati mmoja, na mchwa wameyoyoma. Ananishukuru mimi na Bwana Majivu kwa pamoja, kwenye sentensi moja. Sikuwahi kumwambia mtu aweke vyote viwili.

5. Sasa nije kwenye hasara yenyewe. Bwana Majivu amenyamaza. Nilimtumia barua pepe ya matusi ya kistaarabu, yale anayoyapenda, yenye marejeleo mwishoni. Hakujibu. Nasikia amejitoa kwenye kongamano la mwaka huu, na amemwomba mkuu wa kitivo chake ampangie vipindi tu, utafiti basi. Anaona aibu. Mtu mwenye macho makavu kama yule, anaona aibu. Mama wa chai pale chumba cha wahadhiri ameniuliza, "Mwenzio siku hizi yuko wapi?" Nikataka kumwambia yule si mwenzangu, nikaishia kumwomba sukari. Nyumbani nako ni hivyohivyo. Zamani nikirudi nilikuwa na la kusimulia mpaka chakula kipoe. Sasa natafuna kimya, na juzi dada yako akanitazama weee, akasema, "Si umpigie simu tu umwambie umemkumbuka?"

Nimemkumbuka, shemeji. Naliandika kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo halitoki. Nilikuwa naamka asubuhi nikijua kuna mtu mmoja duniani aliyesoma kila neno nililoandika, hata kama alisoma ili anikosoe. Wenzangu wananiambia eti sayansi imesonga mbele. Imesonga, sikatai. Mimi imeniacha.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nimeanza na lile jepesi. Data zangu na za Bwana Majivu zifungwe, na wote walioshazisoma waombwe kwa heshima wazisahau. Pengo la mahali lifutwe kwenye mfumo, au mtafiti aruhusiwe kujaza "panajulikana". Kikokotoo ahamishiwe somo lisilo na namba. Nilimfikiria kwenye ushairi, lakini naogopa ataanza kuhesabu mizani za watu. Ukuta ujengwe upya kwa matofali, ili kila mtafiti awe na mchwa wake.

Kama hayo yote hayawezekani, basi maktaba inipatie mpinzani mwingine. Mnaazimisha vitabu, mnaazimisha kompyuta, hata miavuli nimeona mnaazimisha. Hamtashindwa kuniazima mtu wa kunipinga, wiki mbili mbili, nikimhitaji zaidi nitakuja kuongeza muda. Awe msomi, awe mkaidi, na asiwe mwepesi wa kukubali. Nilimjaribu mhadhiri mmoja kijana wa idara yangu, akakubaliana nami kabla chai haijapoa. Nilimhurumia sana, na mimi nikajihurumia.

Nisipojibiwa, nitamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo. Naye asiponijibu, nitaipakia barua hii kwenye hazina yenu wenyewe, iwe wazi kwa ulimwengu mzima, ili watu waone madhara ya kuweka mambo wazi.

Nawasalimu wote hapo: wapanga vitabu, mlinzi anayepekua mkoba wangu kana kwamba nitaiba kamusi, na hata yule dada wa Meza ya Utafiti Wazi, ambaye simchukii. Mama mkwe mwambie tutakuja kumwona. Kikokotoo msalimieni kidogo.

Ni mimi mwenye majonzi ya kitaaluma na ushemeji usiotetereka,

Mhadhiri Mwandamizi,
Idara ya Wadudu Waharibifu.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha nilipogongewa mlango. Ni Bwana Majivu. Amezunguka uwanja mzima wa michezo kwa miguu, jasho linamtiririka, mkononi ana data za Kikokotoo alizozipakua kwenye hazina yenu. Hakunisalimu. Alisema, "Huyu binti amethibitisha mchwa wanavuka. Hajathibitisha nani anawavusha." Anadai majivu ndiyo yanayowakimbiza, na kwamba mwarobaini wanauhama kwa kuchoshwa tu. Nimemweleza alipokosea. Amenieleza nilipokosea. Chai yangu yote imekwisha.

Kwa hiyo, shemeji, yale maombi yaweke kando, hasa la kwanza. Msifunge kitu. Tunataka kuweka mbao ndani kabisa ya ukuta, tuhesabu wote wawili, na kila jioni hesabu ziingie kwenye hazina mbele ya macho ya watu, kwa maana mimi huyu bwana simwamini hata kidogo, naye anasema haniamini mimi. Mwambie dada wa Meza atupangie siku, na Kikokotoo aje awe mwamuzi. Sasa hivi Bwana Majivu ameniinamia begani anasoma haya ninayoyaandika, na anasema nimemnukuu vibaya. Amekosea tena, Mungu ashukuriwe.