Mabuu Wangu na Nguruwe wa Doña Otilia

Jumatatu, 1 Desemba
Nimeamka tajiri. Hela bado, lakini akili imeshafika. Redioni wamesema mabuu wa nzi weusi hula taka yoyote, hunona, na wafuga kuku huwagombania kulishia kuku wao. Sikungoja kipindi kiishe. Kijijini kwetu taka ni tele: maganda ya ndizi, ya kahawa, makombo. Tatizo moja tu. Zote anazila nguruwe wa jirani, Doña Otilia, bibi anayeheshimika. Kila nyumba humpelekea ndoo yake, na mkesha wa Krismasi kila nyumba hupata fungu lake la nyama. Mambo ya kizamani! Mimi mtu wa maendeleo.

Alhamisi, 4 Desemba
Mayai ya nzi yamefika kwa basi. Nimeyatia kwenye mapipa, kando ya uzio wa Doña Otilia. Kabla hajaamka nimezunguka mtaa mzima nikiahidi mbolea ya maua. Ndoo zote kwangu! Doña Otilia kaja mlangoni, mikono mitupu. Hakufoka.
"Jirani, nguruwe wangu analisha mtaa mzima. Hao wadudu wako watamlisha nani?"
Nimerudi kwenye mapipa yangu. Mfanyabiashara habishani ovyo. Mke wangu, Nubia, ameuliza kama fungu letu la ngozi ya kukaanga bado lipo. Anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Nimemwambia mwaka huu tutakula kuku.

Jumatano, 17 Desemba
Mabuu wamenona. Nguruwe amekonda. Watu wanapita kumwangalia mbavu, kisha wananiangalia mimi. Jana sala za novena, zile za siku tisa kabla ya Krismasi, zimeanza. Kwenye benchi letu tulikaa wawili tu, mimi na Nubia. Baadaye Nubia naye akahama. Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, 19 Desemba
Don Arnulfo, mfuga kuku, amewaona mabuu, karidhika. Kesho anawachukua. Mawingu yametanda. Nubia anadai redio ilisema mapipa yafunikwe, eti mabuu wakilowa hupanda kuta. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Nimemwambia mabuu hawana miguu.

Jumamosi, 20 Desemba
Mvua imenyesha usiku kucha. Mapipa matupu! Wamepanda, wakashuka, wakapita chini ya uzio. Wote. Upande wa pili nguruwe kalala chali, anakoroma. Don Arnulfo kaja na magunia yake. Kanitazama, kamtazama nguruwe, kamsifu nguruwe.

Jumatano, 24 Desemba
Nguruwe mnono kuliko miaka yote. Mtaa mzima unampongeza Doña Otilia. Nilijifungia ndani, nikijua sisi hatuna fungu. Doña Otilia kabisha hodi mwenyewe, sahani imejaa ngozi.
"Shika, Nubia. Mumeo ndiye aliyemlisha kuliko wote."
Wamecheka mpaka wakashikana mabega. Nikaona haya. Ngozi ilikuwa tamu mno, haya ikapungua.
Nimetafakari nikitafuna. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mabuu: wanatambaa. Mwakani nafuga panzi. Nimeshauliza, panzi hawapandi kuta. Wao huruka tu. Kifuniko cha nini?