Ukoka Wangu na Jembe la Mama Mkwe

Jamani, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, miguu peku, mbele ya Meneja wangu, mkaguzi kutoka Dar na akina mama watano wa kwaya ya Sikonge.

Hamisi wa Kigoma na Yohana wa Dodoma, nawaandikia barua moja nakala mbili, maana aibu hii siwezi kuitunga upya mara ya pili. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya wageni ya serikali hapa Tabora. Miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Mtajua kwa nini.

Habari ya mashine mnaijua. Tangu tuliposikia kwamba wakubwa wameagiza mashine ya kukatia majani, moja tu kwa nyumba zote za wageni za reli ya kati, sisi watatu tuliosoma kozi ya bustani pamoja tumekuwa maadui wanaoandikiana barua za upendo. Mkaguzi anapita na treni, mashine iko kwenye behewa la mizigo, na uwanja utakaomridhisha ndipo ataishusha. Dodoma hakuishusha. (Pole, Yohana. Nasikia ni mbuzi.) Kwa hiyo ilibaki Tabora au Kigoma. Hamisi, nakuambia ukweli wangu wote: nilikwisha kuipangia mahali pa kulala kwenye stoo, nikaishonea hata kifuniko cha gunia isipatwe na vumbi.

Msinione mroho. Miaka minne naufyeka ule ukoka kwa fyekeo, nimeinama, hatua ishirini kwa hatua kumi na tano. Mgongo wangu ukisimama unalia kama mlango wa kanisa. Halafu kuna neno la yule mzungu aliyekuwa akiishi hapa. Alipofunga mizigo baada ya uhuru alimwambia Meneja kwamba uwanja ule hautamaliza miaka miwili mikononi mwetu, tutalima mihogo. Meneja hajalisahau neno lile. Kila asubuhi anasimama barazani na kikombe chake, anautazama ukoka, anasema, "Yakobo, mihogo iko wapi?" Nami najibu, "Hakuna mihogo, Ndugu Meneja." Tunacheka, siku inaanza.

Sasa, jana jioni mama mkwe wangu alifika kutoka Sikonge, juu ya lori la tumbaku, na debe la asali. Alikuja na wenzake wanne wa kwaya kwa mkutano wa kanisa hapa mjini. Ndiyo mara yake ya kwanza kuja tangu nimwoe binti yake Monika. Nilimwona kwa mbali akishuka, nikakimbilia nyuma ya tangi la maji. (Mnajua kwetu. Mama mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi moja kwa moja. Ujumbe hupitia kwa mke, na mkikutana njiani mmoja wenu lazima apate kichaka.)

Kutoka nyuma ya tangi nikamwona amesimama ukingoni mwa ukoka wangu. Akautazama upande huu, akautazama upande ule. Akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, leo mama ameona kazi ya mkwewe! Nikavimba.

Nilivimba kupita kiasi. Kabla usiku haujaingia, tukila kwenye kijumba changu humo humo uani, mimi na watoto huku, yeye na wenzake chumba cha pili, nikaanza kulalamika kwa sauti ili asikie. Si kulalamika kwa kweli. Kujisifu kwa njia ya mgongo.

"Monika, haya majani yataniua!" nikasema. "Tangu alfajiri niko nayo. Mgongo sina tena. Na kesho mgeni anakuja, na yenyewe yananitazama tu!"

"Si ndiyo kazi uliyoichagua?" Monika akajibu.

"Peke yangu, Monika! Sina hata wa kunishika mkono!"

Chumba cha pili mtu akaguna. Nikajua maneno yamefika. Nikalala nimefurahi sana.

Leo asubuhi mimi na Meneja tukaenda stesheni. Monika akaenda sokoni kutafuta jogoo wa mgeni. Treni ilitakiwa ifike saa moja. Ikafika saa nne na nusu. (Hilo halikunishangaza, na wala halikunipa mashaka. Laiti ningejua treni ile inanizuia nisiwe wapi.)

Mkaguzi akashuka. Mtu mpole, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake wapagazi wakalishusha sanduku la mbao mpaka kwenye jukwaa, limeandikwa MASHINE upande mmoja. Hamisi, nililigusa! Nililigusa kwa kiganja hivi!

"Liwekeni hapo hapo kwanza," Mkaguzi akawaambia. "Nikiridhika na uwanja, litabaki hapa. La sivyo linapanda treni ya jioni kwenda Kigoma."

Nikaanza kuongea. Jamani, nilivyoongea! Kuanzia stesheni hadi kwenye gari la ofisi, na kutoka gari hadi kona ya mwisho. Nikampa mwaka mzima. Mvua zikianza, ng'oa ndago, yale magugu sugu, kabla hazijachanua, ziba mashimo kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Masika kata kila wiki, lakini usinyoe, acha urefu wa vidole viwili, ukinyoa jua linaunguza mizizi. Kuanzia Mei punguza fyekeo. Kiangazi mwagilia alfajiri, kamwe si mchana, tena mara mbili tu kwa wiki lakini maji mengi, ili mizizi ishuke kuyatafuta chini. Mkaguzi akaandika. Mtu wa Dar anaandika maneno yangu!

"Na mwezi huu wa Septemba?" akauliza.

"Septemba, Ndugu Mkaguzi, ni mwezi wa adabu. Usikate, usichimbe, usiguse. Ukoka umechoka, unasubiri mvua kama mgonjwa anavyosubiri daktari."

Akaandika: usikate, usichimbe, usiguse. Akapiga mstari chini yake. Meneja akanipigapiga begani, na mimi nikaona sasa wakati umefika wa kufanya mambo kwa mtindo.

Tulipofika nje ya ua wa michongoma nikamwambia dereva asimame. "Ndugu zangu," nikasema, "ukoka wa Tabora haukanyagwi na viatu."

Meneja akanitazama. Sheria hiyo alikuwa hajaisikia. (Niliitunga pale pale.) Lakini Mkaguzi alikwisha kuinama anafungua kamba. Akavua viatu, akavua soksi. Meneja naye akavua, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na dirisha la kidole gumba. Nikavua vyangu.

"Sasa fumbeni macho. Nipeni mikono. Mimi nitawaongoza."

Nikaingia getini kinyumenyume, macho kwenye nyuso zao tu, nimewashika wakubwa wawili mikono kama ninacheza nao ngoma ya watoto. Nikasikia harufu ya udongo mbichi. Nikajisemea, ukoka wangu leo unanukia! Nikahisi chini kuna moto wa ajabu. Nikajisemea, kidogo tu, tunakaribia ubaridi. Nikasikia vigelegele. Nikajisemea, Monika amerudi, amewaandaa watu kumpokea mgeni.

Nikasimama. Nikaachia mikono yao, nikatandaza yangu.

"Fumbueni!"

Wakafumbua. Meneja akafungua na mdomo pia. Mkaguzi akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyanyua mguu mmoja, akaushusha, akanyanyua wa pili.

"Ndugu Yakobo, majani yako wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. "Si hayo nyuma yangu, Ndugu Mkaguzi!"

"Nyuma yako hakuna kitu."

Nikageuka.

Hamisi. Yohana. Hakukuwa na kitu! Hatua ishirini kwa kumi na tano za udongo mtupu, umelimwa, umesawazishwa, umefagiliwa mistari imenyooka kutoka michongoma hadi barazani. Ukoka wangu ulikuwa rundo kando ya ua, mizizi juu. Hata ndago hazikubaki. Ndago nilizopigana nazo miaka minne, wamezimaliza kwa saa tatu! Na kando ya rundo wamesimama akina mama watano wa Sikonge, kanga zimefungwa viunoni, majembe yangu matano ya stoo mikononi, wanapiga vigelegele kunipokea.

Wa katikati ni mama mkwe.

Hapo nikakumbuka jana, kile kichwa kilivyotikisika. Nyinyi mnajua kwetu uwanja wa mtu mwenye heshima unavyokuwa: mweupe, umefagiliwa, sindano ikianguka unaiona. Majani hadi mlangoni ni nyumba ya mgonjwa, au ya mvivu, au ya nyoka. Mama aliona binti yake ameolewa na mtu anayezidiwa na magugu. Kisha akamsikia mtu huyo akilia jioni nzima kwamba hana wa kumshika mkono. Akamshika.

"Yakobo," Meneja akasema taratibu sana, "mihogo iko wapi?"

Safari hii hatukucheka. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imesawazishwa vizuri mno.

"Ndugu Mkaguzi," nikasema, "hii ni... ni hatua ya kupumzisha ardhi. Kila mwaka, mwezi wa Septemba..."

Mkaguzi akafungua daftari, huku anarukaruka maana jua la saa tano halina huruma na nyayo za mtu wa ofisini. Akasoma kwa sauti: "Septemba. Usikate, usichimbe, usiguse."

"Nani amefanya haya?" Meneja akanguruma. "Nataka jina!"

Jina nilikuwa nalo. Lilikuwa limesimama hatua kumi kutoka kwangu, linatoka jasho, linatabasamu. Ningelitaja vipi? Hata kumtazama siruhusiwi! Nikageuza uso kwenye michongoma, nikawa naongea na miiba.

"Ni mimi," nikaiambia michongoma. "Ni kwa ajili yangu."

Wakati huo Monika akaingia getini na jogoo kwapani. Akaona uwanja. Akaona rundo. Jogoo akaanguka, akakimbia katikati ya mistari ya fagio, akaiharibu. Mama mkwe akaweka jembe, akamfukuza kwa ufagio, akairudishia mistari, kisha akamsemesha binti yake kwa sauti ambayo stesheni waliisikia.

"Mayu, mwanangu, mwambie baba watoto asijisumbue kushukuru. Mwambie alipokuwa analia jana sikulala. Mlipotoka tu tukashika majembe na wenzangu, kazi ya saa tatu tu na nyimbo zake. Mwambie mgongo wake upumzike sasa."

Monika akanitazama. Uso wake ulikuwa unatetemeka, na haikuwa kwa huzuni. "Mama anasema usishukuru."

"Mwambie..." nikaiambia michongoma. Nilikuwa na hasira ya kung'oa mwamba. Kisha nikafikiria yule mama wa miaka sitini na kitu, safari ya siku nzima juu ya magunia ya tumbaku, akiamka alfajiri kulimia mtu asiyeruhusiwa hata kumwamkia. Hakuna mtu amewahi kunilimia. "Mwambie mama, wabeja sana, nashukuru. Mwambie haijawahi kuwa safi hivi."

Na hilo, jamani, lilikuwa kweli tupu.

Mpishi wa nyumba ya wageni, aliyebaki jikoni, alipoulizwa kwa nini hakuwazuia alisema alisikia nyimbo, akadhani ni mazoezi ya kwaya. Aliwapelekea hata maji ya kunywa.

Chai tukainywa barazani, wote watatu na miguu kwenye mabeseni. Mkaguzi alikula asali ya mama vijiko sita, kisha akaniambia ukweli bila kuficha. "Mashine siwezi kuiacha, Ndugu Yakobo. Ingekata nini?" Nikasema ndiyo. Akautazama tena uwanja. "Mama yangu alikuwa akifagia hivi hivi, mistari hiyo hiyo. Sijaiona tangu nihamie Dar." Akamtuma Monika kwa mama, anaomba ufagio ule, kama haitakuwa usumbufu. Mama akautoa. Kwa hiyo mashine inakwenda Kigoma, ufagio wangu unakwenda Dar, na mimi nimebaki na kifuniko cha gunia.

Kabla ya kuondoka Mkaguzi akamwambia Meneja, pale pale mbele ya akina mama, "Nasikia wa Kigoma naye ana majani mengi sana. Tena hadi mlangoni." Mama mkwe akaguna kwa huruma. Nilimsikia vizuri, maana nilikuwa kwenye michongoma yangu.

Basi ndiyo hayo. Yohana, wewe na mbuzi wako hamna haki ya kucheka. Na wewe Hamisi, kabla hujaufungua huo mdomo wako mkubwa: Monika ametoka hapa sasa hivi na ujumbe. Mama anauliza kutoka hapa hadi Kigoma ni vituo vingapi.