Mfumo Wangu Umewakana Watoto wa Dokta

Leo nimejiaibisha mbele ya watu tisa, tena kwa projekta.

Nimetengeneza kanzidata ya watafiti wanaohoji kaya kuhusu maisha yao. Sikuisomea popote. Nimejifunza kwenye video za mtandaoni, peke yangu, chumbani kwangu, mtaa wa Nyamirambo. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Ikikubaliwa, Jumatatu wahojaji wanaingia nayo mtaa wa Niboye. Ikikataliwa, wanarudi kwenye karatasi na mimi narudi nyumbani kwa baba, kule Ndera.

Mimi naogopa makosa. (Hata ya watu ambao hawajazaliwa.) Kwa hiyo niliweka ulinzi kila mahali. Umri ukizidi, inakataa. Namba ya simu ikipungua, inakataa. Niliijaribu kwa kaya arobaini nilizozibuni mwenyewe. Zote zikapita! Nikajipongeza kwa chapati mbili.

Asubuhi Dokta Uwase, mkuu wa utafiti, akasema tuijaribu kwa familia yake. Akaandika jina la mume wake: Habimana Eric. Akaandika mtoto wa kwanza: Ishimwe Keza.

Mlio. Maandishi mekundu, ukuta mzima: KOSA. MTOTO HUYU SI WA BABA HUYU.

(Maneno hayo niliyachagua mwenyewe. Nilitaka yaeleweke.)

Dokta akaandika wa pili. Mlio. Wa tatu. Mlio.

"Yewe, Dokta!" akasema Mama Hawa, mhojaji mkongwe. "Kompyuta imehukumu bila hata kuita mashahidi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikaeleza kwamba kwenye video walisema mtoto lazima awe na jina la ukoo la baba yake.

"Video za wapi?" akauliza Dokta.

"Za... mbali."

"Hapa kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, si la baba. Wewe, mdogo wangu, unaitwa nani?"

"Mugisha."

"Na baba yako?"

"Nsengimana."

(Miaka ishirini na nne na huyo mzee, na sikukumbuka!)

Nikaifuta kanuni ile palepale. Watoto watatu wakaingia bila mlio. Dokta akazima projekta.

"Jumatatu, saa mbili. Ila kabla ya hapo, ijaribu kwa watu walio hai."

Basi msinicheke. Nimempigia mzee, nikamweleza yote. Amesema mfumo ukinikana, yeye bado ananitambua.