Bandia ya Bandia

Dwight Pelkey alikuwa na seti tisa halali za meza ya kujipambia, na huo ndio ulikuwa mtaji wake wote. Halali, yaani bandia: plastiki ya zamani iliyotengenezwa hapa hapa mjini Leominster, enzi za bibi zetu, ifanane na pembe za ndovu. Kioo cha mkono, brashi, chanuo, hata kikopo chenye tundu cha kuwekea nywele zilizong'oka. Wakusanyaji huzigombea. Basi Dwight akajiuliza swali la kitajiri: kama watu wanalipia bandia, kwa nini asiwatengenezee bandia ya bandia?

Seti ya kumi akaisubu gerejini kwake kwa plastiki ya juzi. Wakusanyaji hupima kwa kusugua na kidole gumba, kisha kunusa; ya kweli hutoa harufu ya kafuri. Dwight akaipaka marhamu ya kifua, ile ya mafua yenye kafuri.

Jumapili, kwenye soko la vitu vya kale, akatokea Bi Lorraine Arsenault, mjane aliyejaza vitu hivi nyumbani hadi bafuni. Akasugua. Akanusa. Akanusa tena, taratibu.

"Ya marehemu bibi yangu," Dwight akasema, macho chini kama yuko kanisani.

"Maskini. Alikuwa na mafua?"

"Kila baridi, mama."

"Pesa sina, mwanangu. Nina seti ya vipande kumi na vinne, na sanduku lake. Tubadilishane?"

Dwight akajikuna shingo asije akacheka. "Bibi atanilaumu."

"Basi, acha."

"Lakini kwako wewe, mama, atanisamehe."

Akaletewa. Bi Lorraine, mtu mkweli, akasema, "Ina jasho kidogo."

"Joto la Julai hilo," akajibu mtaalamu.

Akaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na zile tisa, akingoja mnada wa Septemba. Siku ilipofika akafungua, akapigwa na harufu ya siki. Brashi zimepasuka, vioo vina ukungu, seti zote zinatoka jasho la rangi ya chai. Akamkimbilia msimamizi wa soko, Bwana Gagne.

"Nimepewa seti mbovu, imeniharibia zote."

"Plastiki hii ikianza kuoza huambukiza jirani zake. Hukujua? Nani kakupa?"

"Bi Arsenault."

Gagne akachukua kalamu. "Tutamwita. Kila mmoja atarudisha alichopokea. Wewe ulimpa nini?"

Dwight akaishika ile kalamu kabla haijaandika.

"Takataka mnatupa wapi, kaka?"

"Nyuma ya vyoo. Ila hizo wazoa taka hawazipokei, zinashika moto upesi. Kaa nazo."