Matairi Membamba ya Gari la Baba

Jumatano, 6 Mei

Binti yangu wa mwisho, Kitinda, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Leo ameniomba kitu kimoja tu. Hataki gari la kukodi, hataki maua kwenye boneti. Anataka nimpeleke ukumbini mimi mwenyewe, kwa gari la marehemu babu yake, tukiwa wawili tu njia nzima. Alisema akishaolewa anahamia mbali, na haijulikani lini tena tutakaa peke yetu tukapiga soga. Nikajifanya natafuta miwani.

Nikatoka uani, nikafunua turubai. Injini iliitika baada ya kubembelezwa. Kiti cha mbele bado kinanukia tumbaku ya baba. Ila matairi, masikini! Yamepasukapasuka kama visigino vya mtu asiyejua mafuta.

Mke wangu alishauri nimwulize Bwana Honi. Huyu ni jirani yetu, tumegawana ukuta. Ana gari la aina hiyohiyo, na lake linang'aa. Nikasema ni heri nilibebe la kwangu mgongoni. Hupiga honi kila akifika kona, hata barabara ikiwa tupu, ili tutoke tumwone. Mwezi uliopita alikuja studioni kwangu kupiga picha ya pasipoti, akauliza kama inawezekana gari lake lionekane kwa nyuma. Kwenye pasipoti! Siwezi kumwomba ushauri mtu wa namna hiyo.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwa muuza matairi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Akatazama picha ya gari, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba magari ya enzi zile yaliundwa kwa matairi marefu na membamba, na kwamba nikivalisha haya ya siku hizi, mafupi na mapana, gari litachuchumaa na usukani utakuwa mzito. Dawa yake ni radiali, tairi za kisasa za nyuzi za chuma, zenye urefu uleule wa zamani na wembamba uleule. Zinashika barabara vizuri kuliko yale ya baba, na sura ya gari haiharibiki. Anazo nne tu. Za kuagiza hufika baada ya miezi.

Alinionyesha. Nikayapenda papo hapo. Marefu, meusi, yamesimama wima kama askari wa gwaride. Lakini mimi si mtoto. Ukimwonyesha muuzaji kwamba umependa, umekwisha. Nikapiga mwayo. Nikasema nitafikiria, nikapanga kurudi Jumamosi nikiwa nimenuna, apunguze bei mwenyewe.

Natoka mlangoni, nani anaingia? Bwana Honi. Akaenda moja kwa moja kwenye matairi yangu na kuanza kuyapapasa. Moyo ulinilipuka. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kama ndugu kwamba ajihadhari sana na matairi membamba. Nikasema kuna injinia mmoja, mteja wangu studioni, amenihakikishia kwamba radiali nyembamba hukata usukani wa magari ya zamani kidogokidogo, mpaka siku moja unabaki nao mkononi. Nikasema mambo yote sasa ni mapana. Mapana yanakaa chini, yanatulia. Nilipiga chuku mpaka mwenyewe nikaanza kuogopa.

Alinisikiliza kwa makini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimemwokoa na balaa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 9 Mei

Nimefika dukani nimenuna kama nilivyopanga. Matairi hayapo. Muuzaji alisema yamechukuliwa leo asubuhi na mwenye tela la matofali. Tela! Nikamwuliza kwa nini hakuniwekea. Akajibu kwamba kwa jinsi nilivyopiga mwayo, alidhani hata gari sina.

Nimezunguka maduka yote mjini. Kila mahali ni mafupi na mapana. Mmoja alinicheka, akaniuliza kama natengeneza baiskeli.

Nimejilaza kitandani na viatu. Kinachonipoza ni kwamba Bwana Honi naye kayakosa.

Jumapili, 10 Mei

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Mchana honi ililia nje ya lango. Bwana Honi aliingia amevaa suti, anabingirisha tairi jipya. Akarudi nje akaleta la pili. Na la tatu. Na la nne. Yote mapana kama mito ya kulalia. Akayapanga mbele ya Kitinda, akatoa hotuba. Alisema tangu siku aliposikia kwa mke wangu ombi la binti, aliamua zawadi yake ya harusi iwe matairi. Alhamisi alikwenda dukani kununua yale membamba kwa ajili yetu, maana yeye siku zote aliamini ndiyo yanayofaa. Bahati njema akanikuta mimi pale, nikamfumbua macho. Kwa hiyo amenunua mapana.

Kitinda alimkumbatia. Kisha akanikumbatia mimi, akasema kumbe nilikuwa nahangaikia jambo lake kimyakimya.

Nilijipalia makaa mwenyewe, na sasa nilikuwa nayala mbele ya watu, natabasamu. Ilikuwa saa ya kusema kweli. Neno moja tu, tena la mzaha, tungecheka yakaisha. Nilifungua kinywa. Nikasema hakika yale ni matairi bora kabisa.

Mke wangu alinitazama mpaka nikaenda kumwagilia mchicha.

Jumanne, 12 Mei

Fundi wa pancha ameyavalisha. Gari limechuchumaa kweli. Lile gari la baba, lililokuwa likisimama kama mtu aliyeitwa jina lake shuleni, sasa limekaa kama kuku anayetaga. Usukani ni kama kusukuma kabati.

Baya zaidi ni kona. Nikikata kushoto, sawa. Nikikata kulia, tairi la mbele linasugua madigadi, hasa upande ule baba alioubonda langoni zamani, na linatoa kilio ambacho wapita njia hugeuka kukitafuta. Fundi alisema nisicheze, mpira utachanika. Nikamwambia aangalie pancha zake.

Lakini nimepata akili. Mshale wa spidi sasa unasoma juu kuliko mwendo wenyewe. Kwa hiyo naweza kwenda polepole na bado ikaonekana nakimbia. Na kuhusu kona, suluhisho ni rahisi mno: nitatafuta njia ya kufika ukumbini bila kukata kulia hata mara moja. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Jumatano, 13 Mei

Njia nimeipata. Inapitia sokoni, inazunguka hospitali, inarudi sokoni, inapita nyuma ya kiwanda cha sabuni, inapita sokoni tena, na kutokea ukumbini. Zote ni kushoto. Nilimpakia mke wangu kwa majaribio nikimwambia twende tupunge upepo. Tulipopita sokoni mara ya tatu aliuliza kama nimesahau kununua kitu. Nikasema napenda shamrashamra. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama kuna jambo nataka kumwambia. Alishajua, bila shaka. Mwanamke huyu amenijua tangu nina nywele.

Nikasema hakuna.

Alhamisi, 14 Mei

Nimeliona tela la matofali. Nilikuwa mlangoni mwa studio, likapita mbele yangu likivutwa na trekta. Matairi yangu manne, yanazunguka kwa madaha, hayatikisiki, na matofali juu yake yametulia kama wageni waalikwa. Nilisimama nikiyatazama mpaka yakapotea. Ndani mteja alikuwa amekaa kwenye stuli, ameganda bila kupepesa, ananisubiri. Picha imetoka amefumba macho.

Jioni Bwana Honi alinong'ona nami ukutani. Ameona gari limekaa chini kidogo. Kama nina wasiwasi wowote, alisema, nichukue la kwake Jumamosi, nimwendeshe mwanangu nalo, na yeye hatasema kwa mtu. Hilo lilikuwa jambo la kiungwana, nakiri. Ningekubali, ningempata mwanangu njia nzima, mimi na yeye tu.

Nikamjibu kwamba kukaa chini ndiko kunakotakiwa. Injinia alisema hivyo.

Ijumaa, 15 Mei

Kitinda kaniuliza kama gari liko salama. Nikamwapia. Akasema ana maneno ameyaweka kwa ajili ya kesho, ya kuniambia tukiwa njiani. Nikamwuliza maneno gani. Akacheka, akasema kesho.

Nimelisafisha gari mpaka ndani ya vyombo vya majivu.

Jumamosi, 16 Mei

Nitaandika kwa ufupi.

Kitinda aliketi mbele, gauni limejaa hadi kwenye gia. Alipendeza mno, nikashindwa kumtazama, nikatazama mshale wa spidi. Sokoni mara ya kwanza, sawa. Hospitali, sawa. Alikuwa ananyoosha gauni, anavuta pumzi, naona kabisa anajiandaa kuanza. Akasema, "Baba." Hapo tukafika nyuma ya kiwanda cha sabuni, na barabara ilikuwa imechimbwa mtaro wa bomba. Mtu wa kuongoza magari akatuashiria kulia.

Nilimwomba turudi nyuma. Akasema nyuma kuna lori. Nikamweleza kwamba mimi sikati kulia. Akaniuliza kama ni dini.

Nikakata. Tairi likalia, madigadi likauma, mpira ukapasuka kwa kishindo, na gari la baba likalala upande katikati ya njia. Spea niliyo nayo ni moja ya yale ya zamani, nayo haikuwa na upepo.

Kitinda alisimama kando ya barabara ameshika gauni lisiguse tope. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Bwana Honi alitokea nyuma, ndani amewapakia mkewe na mama mkwe wake, pamoja na keki, na kiti kimoja kilichobaki akampa mwanangu. Gari langu lilikuwa limeziba njia, siwezi kuliacha. Kitinda aliniuliza kupitia dirishani nitafika saa ngapi. Nikasema sasa hivi, nawafuata nyuma.

Nilifika wakati wanakata keki. Niliambiwa bibi harusi alisimama mlangoni muda mrefu, anatazama barabara, mpaka mchungaji alipotuma watu mara ya pili. Aliingia ameshikwa mkono na Bwana Honi.

Bwana Honi alinifuata kwenye kona ya meza za vinywaji. Macho mekundu. Alisema hatajisamehe maisha yake yote, kwamba ni yeye aliyenunua yale matairi bila kupima madigadi, na kwamba amenipora siku ambayo hairudi. Akaniomba msamaha.

Nikamsamehe. Nikamwambia yaishe. Mungu wangu, nikampigapiga hata begani.

Wakati wa kuaga nilimwuliza Kitinda yale maneno. Watu walikuwa wamejaa, muziki juu. Alinibusu shavuni, akasema ataniambia siku nyingine, hayafai kusemwa kwa kupiga kelele.

Jumapili, 17 Mei

Nyumba kubwa mno leo. Mke wangu kapika kwa mazoea, chakula kimebaki. Kitinda alipiga simu, amefika salama kwake. Atakuja Desemba. Alisema gari la babu likiwa zima, nikampokee nalo stesheni, tutazungumza njiani. Nimesimama na simu mkononi hata baada ya kukatika. Nimepewa mara ya pili, na safari hii siharibu.

Alasiri Bwana Honi alibisha mlango. Hakulala, alisema. Alikwenda asubuhi kwa mwenye tela la matofali, akamsimulia habari yote ya harusi, na yule bwana kaingiwa na huruma, yuko tayari kuyatoa yale manne membamba leo hii, tukimpa mapana yaliyobaki badala yake. Bwana Honi alisema amefikiri sana, na samahani kwa injinia wangu, lakini anaona kama membamba ndiyo hasa yaliyotakiwa tangu mwanzo. Niseme tu ndiyo, alisema, ayalete.

Ndiyo. Lilikuwa neno lenyewe, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikisema ndiyo, atauliza sasa ilikuwaje Alhamisi ile dukani. Nikasikia sauti yangu ikimweleza, kwa upole kabisa, kwamba kosa halikuwa upana. Kosa ni kwamba hayakuwa mapana ya kutosha.

Alikuna kidevu akilipima jambo hilo. Akasema hilo hakuliwaza. Akanishukuru, akasema kesho anakwenda kutafuta mapana zaidi, jozi mbili, na ataanza kuyajaribu kwenye gari lake mwenyewe ili nisipate hasara tena.

Alipoondoka mke wangu akatoka jikoni, akauliza jirani alikuwa anataka nini. Nikamwambia alikuja kuomba ushauri.