Barsimu ya Mlima Tuwaiq

Jumapili, 2 Februari 2025. Riyadh.
Danson ananitesa. Yeye mlinzi wa geti tu, mimi dereva, lakini jina lake limo kwenye kabati la Madam, mwajiri wetu! Madam hukausha mimea ya jangwani ndani ya magazeti, huibandika kwenye karatasi ngumu, kisha lebo: imetoka wapi, lini, imeokotwa na nani. Mwezi jana Danson aliokota kajani kamoja. Picha ya lebo akaituma kwa grupu ya kanisa kule Bungoma. Sasa wanamwita Profesa. Hata mke wangu!

Jumanne, 4 Februari.
Madam anatafuta barsimu iliyojiotea yenyewe mlimani. Barsimu, majani haya haya ya kulisha mbuzi! Hana hata karatasi moja ya kutoka huko. Atakayeiona ataandikwa kwenye lebo. Nimeenda shamba moja nje ya mji, nikaomba miche kumi na miwili, na mizizi yake. Mwenye shamba alinitazama sana.

Alhamisi, 6 Februari.
Mgongo umekwisha. Miche iko Tuwaiq juu, katikati ya mawe. Nimeimwagia chupa sita za maji ya kunywa. Nikamwambia Madam nimeiona barsimu kwa macho yangu. Alifurahi mpaka akanitengenezea kahawa yeye mwenyewe.

Jumamosi, 8 Februari.
Aibu! Madam alipiga magoti, akagusa udongo. Unyevu. Akahesabu miche mmoja mmoja. Kumi na miwili, mstari mmoja, nafasi sawasawa. Baba alitufundisha kupanda kwa kamba. Mkono ulijiendea wenyewe. Madam akaniuliza kama mvua ilinyesha kwenye mstari huo tu. Nikasema labda. Labda! Hakufoka. Angefoka ningepona. Alisema tu kwamba kuna mtu atakayesoma lebo hiyo miaka hamsini ijayo, naye ataiamini. Kisha akang'oa mche mmoja, akaandika lebo kwa Kiingereza, ili nielewe vizuri, kwamba umepandwa na Elphas, yaani mimi.

Jumatano, 12 Februari. Jeddah.
Nimemleta Madam kwa rafiki yake, mwalimu, mtaa wa Ruwais. Karatasi yangu itatumika kufundishia wanafunzi kutambua mmea uliopandwa. Mke wangu anaulizia picha ya lebo. Naona haya hata kushika simu. Nimeapa, machozi yakinitoka: sitamdanganya tena Madam, halas, imetosha.

Ameingia kusalimia kwanza. Kifurushi chenye karatasi yangu kimebaki nami garini. Nimechungulia tu.

Kumbe ameandika kwa penseli! Ng'ambo ya barabara kuna duka la vifaa vya shule. Nimenunua raba.